Mnara wa Pisa: kasoro haiko kwenye pembe

Ndugu, umeuliza kwa nini mfano wako wa Mnara wa Pisa, wa kipimo cha 1:100, unaonekana kama bomba lililosukumwa, ilhali umeuinamisha nyuzi 4 kamili. Pembe hiyo ni sahihi. Kasoro ni kwamba uliujenga ukiwa umenyooka, kisha ukauinamisha wote kwa pamoja, jambo ambalo halikutokea Pisa.

Ujenzi ulianza mwaka 1173, ukasimama kwa karibu karne nzima, na ulipoendelea mwaka 1272 mafundi, walioona kwamba ardhi laini ya upande wa kusini imekwisha kudidimia, walizipa ghorofa za juu kimo kikubwa zaidi upande huo ili kuusawazisha, na hivyo mnara ukapinda kidogo kama ndizi. Mpindo huo ndio uhai wa jengo lenyewe. Kata kila ghorofa peke yake kwa kadibodi ngumu, kisha, kuanzia ghorofa ya nne, ipunguze kidogo sana kwa msasa upande wa kaskazini kabla ya kuigandisha. Chumba cha kengele kimenyooka zaidi, na ndiyo maana ngazi za kukifikia ni 6 kusini lakini 4 tu kaskazini, tafadhali usiziache.

Kuhusu nguzo, ghorofa sita za kati zina nguzo 30 kila moja. Chonga moja kwa uangalifu mkubwa, tengeneza kalibu ya silikoni, kisha mimina plasta.