Usianze na jua kuchomoza: kwa mnaosubiri mtihani wa insha wa koleji

Nilitoka Mombasa nikiamini kuandika najua. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ile ya saa 1 na dakika 45, insha mbili za alama 20 kila moja, ilikuwa uwanja wangu wa nyumbani. Mwalimu alizoea kuzisoma zangu mbele ya darasa. Kwa hiyo nilipojiandikisha katika komyuniti koleji, chuo cha umma cha miaka miwili, hapa Marekani nikaambiwa nikafanye insha ya Kiingereza ya dakika 60 ili wajue wanitie darasa gani, sikufungua hata daftari. Niliingia, nikaandika, nikatoka kifua mbele. Jibu lilitoka kabla sijafika kituo cha basi: 4 kati ya 8. Iliyotakiwa ni 5.

Ile alama moja ilinigharimu muhula mzima. Niliwekwa darasa la maandalizi. Ada nililipa kama kawaida, ila krediti zake hazikuhesabiwa kwenye shahada. Kwa wanaosomea ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ni pigo mara mbili, maana serikali inakupa mihula 12 tu ya Pell maishani mwako, na muhula uliotumia kurudia mambo ya aya na nukta nao unahesabiwa.

Leo nakaa upande wa pili wa meza, kwenye kituo cha uandishi cha koleji, na wanaonijia ni wale wale: Wakenya, Watanzania, Wakongo waliopitia kambini, Warundi. Kiingereza chao si kibovu hivyo. Shida yao ni ile iliyokuwa yangu, kwamba wanaandika insha ya kwetu.

Kabla ya hayo yote, uliza kama mtihani wenyewe unakuhusu. Wengi hukimbilia kujiandikisha kwa woga tu. California, kwa mfano, ilipitisha sheria iitwayo AB 705 mwaka 2017, na kwa sheria hiyo komyuniti koleji za huko humpangia mtu darasa kwa kuangalia hasa alama zake za sekondari. Hata majimbo mengine, alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, au vyeti vya chuo ulichosoma kwanza vinaweza kukuondolea mtihani. Mwendee mshauri wa masomo na karatasi zako zote, hata zile za Kiswahili na Kifaransa, umwulize waziwazi: kuna njia nyingine? Na kama kuna binamu aliyekupa kitabu cha kujiandaa na COMPASS, mtihani wa zamani wa kupangia watu madarasa, mrudishie kwa shukrani. Mtihani huo ulifutwa mwaka 2016.

Utakaokutana nao mara nyingi ni WritePlacer, ulio chini ya Accuplacer, mitihani ya kupangia madarasa ya shirika la College Board. Ukiwa Texas utakutana na TSIA2, mtihani wa jimbo hilo wa kupangia madarasa, ulioanza 2021, nao una insha ya namna hiyo hiyo. Unapewa kifungu kifupi na swali, unatakiwa kuandika maneno 300 hadi 600, na insha inasahihishwa na programu ya kompyuta kwa alama 1 hadi 8. Watengenezaji hawakuweka saa, lakini chuo kinaweza kuweka yake, na changu kiliweka. Ukiandika nje ya mada, au ukaandika vijimistari viwili, unapata sifuri. Vyuo vingine vina mtihani wao na walimu wao wa kusahihisha, kwa hiyo uliza mapema ni upi, una dakika ngapi, na wanataka alama ngapi. Kuna mwongozo wa bure wa WritePlacer wenye insha za mfano za kila alama. Usisome ya 8, itakukatisha tamaa bure. Chukua ya 4 na ya 6, uziweke ubavu kwa ubavu, utafute nini kilichopungua kwenye ya 4. Kazi hiyo ya jioni moja ingeniokolea muhula.

Sasa nikuambie nilichoandika mimi. Nilianza na asubuhi. Jua likachomoza kutoka mashariki, ndege wakaimba, binadamu tangu azali akahangaika na riziki. Nikatia methali, "haba na haba hujaza kibaba", nikaigeuza Kiingereza ikasomeka kama maelekezo ya kupima mchele. Nilipotupa jicho kwenye saa, dakika 22 zilikuwa zimepita na swali sijaligusa. Zilizobaki nilizitumia kueleza faida tatu na hasara tatu, nikamalizia kwamba kila mtu aamue mwenyewe. Kwetu hiyo ingepata 16. Hapa msahihishaji, awe mtu au mashine, anatafuta kitu kimoja mapema: wewe unasema nini? Akikikosa katika aya ya kwanza, mapambo yote yaliyobaki hayamsaidii.

Nitawaonyesha kwa mtu mmoja. Alinijia kijana wa Bukavu, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, zikiwa zimebaki siku kumi afanye mtihani. Nikampa swali la mazoezi: je, mwanafunzi wa sekondari afanye kazi ya mshahara wakati wa masomo? Akaandika ukurasa mzima. Kazi ina faida nyingi, kazi ina hasara nyingi, kazi humchosha mwanafunzi, kazi humfundisha nidhamu. Hakuna kosa la kumlaumu, na hakuna sentensi utakayoikumbuka.

Nikaifunika karatasi nikamwuliza kwa Kiswahili: "Wewe mwenyewe ulifanya kazi ukiwa shule?"

"Ee, kaka. Kwenye ghala. Saa kumi jioni mpaka saa tano usiku."

"Ikawaje?"

Akacheka. Akanihadithia kwamba mwaka ule umeme wa nyumbani ulilipwa kwa mshahara wake, maana mama alikuwa bado hajapata kazi. Alikuwa akifika nyumbani karibu saa sita, analala saa saba, na basi la shule linapita saa kumi na mbili na dakika 20. Jumanne moja alilala kwenye mtihani wa aljebra, kichwa juu ya meza. Mwalimu alimfunika koti lake asimwamshe. Alianguka somo lile.

"Basi unaonaje, wafanye au wasifanye?"

"Wafanye, lakini wikendi tu. Siku za shule hapana."

Nikamwambia, umeshamaliza insha, sasa iandike. Kwenye karatasi ya rafu alijaza mistari minne tu: upande wangu, wafanye wikendi pekee, aya ya pili, umeme na mama, aya ya tatu, basi la asubuhi na koti la mwalimu, aya ya nne, atakayesema familia nyingine wikendi haziwatoshi, na jibu langu kwake. Dakika saba zilitosha. Linganisha "kazi humchosha mwanafunzi" na lile koti la mwalimu. La kwanza angeweza kuliandika mtu yeyote duniani.

Mstari ule wa nne, wa anayekupinga, wengi wetu tunauruka. Tunaona ni kujidhoofisha, au tunaona ni utovu wa adabu kumtaja mtu kisha kumkosoa. Uandike. Mpe mpinzani sentensi mbili za haki, kisha mjibu. Hicho ndicho kinachoonyesha umefikiri, na ndicho ninachokikosa katika insha nyingi ninazoletewa. Angalia tu usimpe mpinzani aya nzima ukasahau kurudi kwako. Hapo tumerudi kwenye faida na hasara.

Dakika 60 mimi nazigawa hivi: 10 za kusoma swali na kupanga, 40 za kuandika, 10 za kusoma tena. Zile 10 za mwanzo zinauma, kwa sababu jirani yako ameshaanza kugonga kibodi kama mvua ya mabati na wewe unatazama karatasi. Mwache agonge. Aya ya kwanza iwe fupi, sentensi tatu au nne, msimamo wako ndani yake. Ikikushinda, anza na aya ya pili. Unaandika kwenye kompyuta, unaweza kurudi juu baadaye. Hili nalo halikuwa mazoea yetu, maana kwa kalamu ukishaandika umeandika.

Na hapo kwenye kompyuta kuna mtego wa pili. Wengi wetu tunachapa haraka sana kwa vidole gumba kwenye simu, kwenye kibodi tunatafuta herufi moja moja kama kuokota mawe kwenye mchele. Ukichapa maneno 10 kwa dakika, maneno 400 ni dakika 40 bila kuwaza hata kidogo. Nenda maktaba ya mtaa wako, kompyuta ni bure, uandike mazoezi yako pale, na zima kile kisahihishi cha tahajia. Kwenye mtihani hakipo. Hautaona mstari mwekundu chini ya neno, na utashangaa ulivyokuwa unakitegemea.

Makosa ya lugha nayo yana kabila. Sisi tunaowaza kwa Kiswahili tunachanganya "he" na "she", kwa kuwa kwetu yeye ni yeye tu. Mama anaanza aya akiwa mwanamke, anaimaliza mwanamume. Tunasahau "a" na "the". Tunaandika "my brother he went", kwa kuwa kitenzi chetu lazima kibebe mtu wake. Tunaunganisha sentensi nne kwa mkato, zikipanda na kushuka kama hadithi ya bibi, na Kiingereza kinataka nukta. Wakongo mna nyongeza yenu kutoka Kifaransa: mtu anaandika "I assisted the meeting" akimaanisha alihudhuria tu. Usijaribu kutibu yote. Chukua insha zako tatu za mazoezi, umpe mtu azikague, utakuta makosa mawili yanajirudia kuliko mengine. Hayo mawili ndiyo ya dakika 10 za mwisho. Soma mara ya kwanza ukitafuta "he" na "she" peke yake, mara ya pili ukitafuta mikato. Ukisoma unatafuta kila kitu, jicho linateleza tu.

Kuhusu maneno makubwa, nina ugomvi nayo wa muda mrefu. Kuna vijana wanakariri orodha za maneno mazito na kuyabandika popote. Neno usilowahi kulitamka ukiongea na mtu, usilijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Mazoezi mangapi? Mimi husema sita ndani ya wiki tatu, kila moja na alamu ya simu, na ikilia unaacha hata kama sentensi iko katikati. Ya kwanza itakuwa aibu. Ya tatu utaanza kumaliza. Kesho yake isome kwa sauti, maana sikio linasikia kosa ambalo jicho limeshalizoea. Na uwe na hazina ya visa vinne au vitano vya maisha yako ambavyo unaweza kuvieleza kwa Kiingereza bila kutafuta maneno: safari ya kuja, kazi ya kwanza, mara uliyokosea vibaya, mtu aliyekusaidia. Maswali haya huzunguka mambo ya jumla, kazi, elimu, ushindani, teknolojia, na kisa kimoja kizuri kinaingia kwenye mengi. Usikariri insha nzima lakini. Nilimwona mmoja akilazimisha insha aliyoikariri, ya simu za mkononi, kwenye swali la urafiki, na urafiki haukuonekana mpaka sentensi ya mwisho.

Siku yenyewe, chukua kitambulisho chenye picha, namba yako ya mwanafunzi, na simu uizime kabisa, kwa kawaida wataifungia kwenye kabati. Saa iangalie mara mbili. Tuliwahi kumpokea Mtanzania mmoja aliyefika alasiri kwa miadi ya asubuhi. Binamu yake aliyezaliwa huku alimpigia simu akamwambia "saa tisa", kwa kuwa kwenye karatasi aliona 9:00. Ndugu yetu akala mchana wake vizuri, akavaa shati la pasi, akaja saa tisa. Kituo kilimpangia siku nyingine, wiki mbili mbele.

Ukianguka, usitie saini ya darasa la maandalizi siku hiyo hiyo kama nilivyofanya mimi. Uliza kwanza kama unaruhusiwa kurudia, baada ya siku ngapi, na kwa ada gani. Uliza pia kama chuo kina utaratibu wa kukuingiza darasa la kawaida la Kiingereza ukiwa na saa za ziada za msaada, maana vyuo vingi siku hizi vinao, na huko krediti zako za darasa la kawaida zinahesabiwa. Mimi sikuuliza. Niliona kumhoji afisa ni ukaidi, nikashukuru, nikasaini.

Yule wa Bukavu alipata 6. Swali lake halikuwa la kazi, lilikuwa la kama kushindwa kuna faida, lakini koti la mwalimu lilipata nafasi humo.

Na mbebe sweta. Vyumba vya kompyuta huku hupoozwa kama ghala la samaki, hata nje kukiwa jua la utosi, na dakika ya 40 vidole vinaanza kukataa.