Shangazi wa Santuri: "Ametoa laki tatu kwa sanduku zima, tumpe?"

*Shangazi alikaa nyuma ya kaunta ya duka la santuri Mombasa tangu enzi za sahani ndogo mpaka kaseti zilipomfungisha virago. Anajibu barua za wasomaji.*

Shikamoo Shangazi. Marehemu baba alifanya kazi bandarini hapa Tanga, akatuachia sanduku la santuri, kama 140 hivi. Nyingi ni sahani ndogo: Mbaraka Mwinshehe, Franco, Jamhuri Jazz, Atomic Jazz. Zipo pia LP, zile sahani kubwa, za Jim Reeves. Amekuja bwana kutoka Dar es Salaam, ametoa shilingi 300,000 kwa sanduku zima. Kaka yangu ameona intaneti sahani kama yetu moja imeandikwa yuro 180. Sasa nyumba imegawanyika: mama anataka tuuze, kaka anasema tunaibiwa. — Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kufiwa. Nianze na kaka, maana ndiye aliyepandisha joto. Hizo yuro 180 ni bei ya kuomba. Pale Discogs, wanakouziana wakusanyaji wa dunia nzima, mtu yeyote anaweza kuandika bei anayoiota usiku, na sahani ikakaa hapo miaka hakuna aliyeigusa. Mwambie afungue ukurasa wa sahani hiyo hiyo, atafute historia ya mauzo. Ataona bei ya chini iliyowahi kulipwa, ya kati na ya juu, na lini iliuzwa mara ya mwisho. Ashike ya kati. Akikuta haijawahi kuuzwa hata mara moja, basi bado haina bei, ina matumaini ya mwenyewe tu.

Pili, hali yake. Wakusanyaji hupima kwa madaraja: Mint (mpya kabisa), Near Mint (karibu na mpya), VG+, VG (yaani Very Good), Good, na kushuka. Kwa kipimo cha jarida la Goldmine la Marekani, ambacho wengi hukifuata, VG+ hupata kama nusu ya bei ya Near Mint, na VG robo. Good ni sahani iliyochoka, inakwaruza mwanzo mpaka mwisho, na hupata kama sehemu moja ya kumi. Bei ya juu atakayoiona kaka huenda ililipiwa nakala iliyokaa kabatini Ulaya, haijaonja vumbi wala dansi. Sahani zetu zimefanya kazi. Zimepigwa kwenye harusi, zimepigwa baa, na sindano ikianza kuruka mtu anaweka sarafu ya senti kumi juu ya mkono wa gramafoni ili ikae. Ilikaa kweli, na ikachimba. Toeni sahani moja, muishike chini ya taa, muipindepinde taratibu. Ukiona mistari imepauka, imekuwa ya kijivu badala ya weusi unaong'aa, hapo sindano imekula. Kisha tazameni lebo kuzunguka tundu la katikati: michirizi mingi myembamba ni alama za kupandishwa na kushushwa mara nyingi. Jina la baba kwa kalamu ya wino juu ya lebo nalo hupunguza bei, ingawa mimi binafsi nayapenda majina hayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawaliamini mpaka waone fedha. Santuri ghali ni ile iliyolala dukani. Za Mbaraka zilikuwa zikiingia asubuhi, jioni hakuna, tunaagiza tena. Na alipofariki kwa ajali hapa Mombasa, Januari 1979, kampuni ya Polydor ikatoa mfululizo wa LP za Ukumbusho, nazo zikanunuliwa na kila mwenye gramafoni. Kwa hiyo zipo nyingi, na za kwenu zikiwa zimechakaa msitegemee makubwa. Jim Reeves ndiyo kabisa: hakuna nyumba Afrika Mashariki iliyokuwa na gramafoni ikamkosa. Lakini zile bendi zilizojaribu fanki na magitaa ya kelele, tukazipiga dukani watu wakatukunjia uso, zile nilizokuwa nikizifunga kwenye katoni na kumrudishia msambazaji, ndizo hizo Wajerumani na Wajapani wanazozitafuta leo pale Kenyatta Market, Nairobi. Kampuni ya Soundway ya London ilipotoa mkusanyo wake wa nyimbo za zamani za Kenya, Kenya Special, mwaka 2013, ndio kwanza watu wakaanza kuuliza za aina hiyo kwa majina.

Na si kwetu tu. Mwaka 1965, kampuni ya Motown ya Detroit, Marekani, ilitengeneza sahani ndogo ya kijana aitwaye Frank Wilson. Kabla haijatoka, mwenyewe akaona afadhali awe mtayarishaji kuliko mwimbaji, na nakala karibu zote zikaharibiwa. Chache zilizobaki zikaja kupendwa na wacheza dansi wa kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 2009 moja iliuzwa pauni 25,742. Lau ingeuza milioni, leo ungeipata kwa bei ya soda.

Turudi kwenye sanduku lenu. Laki tatu kwa sahani 140 ni kama shilingi 2,100 moja. Kwa mchanganyiko wa kawaida uliochakaa, huyo bwana hajawatukana. Ila mjue kwamba hanunui sahani 140, ananunua kumi, na hizo nyingine anawasaidia kufagia. Kwa jicho langu, shabaha yake ni Atomic na Jamhuri, bendi za nyumbani kwenu, hasa zile ambazo nyimbo zake si maarufu. Basi fanyeni hivi. Akija tena, mpeni kiti na chai, mwacheni apekue, na wewe mtazame mikono. Mfanyabiashara mjuzi haiweki pembeni sahani anayoitaka. Huichomoa, huisoma upande huu na upande ule, kisha huirudisha katikati ya nyingine kana kwamba haina maana. Ziandike hizo. Halafu mwambie: "Kaka, sanduku zima ni lako kwa laki tatu, ila hizi kumi na mbili tunabaki nazo." Akinyanyuka kwenda zake, mmeshajua thamani iko wapi, na mnaweza kuziuza moja moja. Akikubali, mama amepata fedha na kaka amepata kazi ya kufanya.

Kuuza nje ni kazi kweli. Kuna jalada gumu la kufungia, kuna posta, kuna mnunuzi wa Paris atakayelalamika kwamba mlisema VG+ na yeye kasikia VG. Kwa sahani ya yuro tano haifai taabu hiyo. Kwa ya hamsini, inafaa.

Shangazi, nina albamu ya The Beatles yenye jalada jeupe, ina namba pembeni. Nimesoma iliuzwa kwa mamilioni. Nimekuwa tajiri? — Msomaji, Nakuru

Iliyouzwa ilikuwa namba 0000001, na aliyeiweka kabatini miaka yote hiyo alikuwa Ringo Starr mwenyewe, mpiga ngoma wao. Mnada ulifanyika Desemba 2015, ikanunuliwa kwa dola 790,000. Albamu ile ya 1968 ilitolewa kwa mamilioni ya nakala, na wanaolipa vizuri wanataka namba za chini kabisa. Kama yako ina tarakimu sita ukiacha sifuri za mwanzo, kunywa chai yako kwa utulivu. Ila angalia ndani kama picha nne za wanamuziki na lile bango lenye maneno ya nyimbo bado vipo. Vikiwepo vyote na sahani ikiwa safi, unaweza kupata fedha nzuri ya matumizi.

Asalaam aleikum Shangazi. Bibi yangu alitoka Unguja na sahani zake nzito za taarabu, zile za kukatika ukiziangusha. Zipo kama thelathini, lebo nyingine ni ya mbwa na gramafoni. Wajukuu hatuna chombo cha kuzipigia. Thamani yake ni nini, na tunazisafishaje? — Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam, bint. Kwanza kabla hujaendelea kusoma: kama kuna mtu nyumbani ameshika chupa ya spiriti, mnyang'anye. Hizo ni sahani za mizunguko 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki. Tumieni kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji na tone la sabuni, mfuate mzunguko wa mistari, lebo isilowe, kisha mkaushe papo hapo. Zisimamisheni wima, msizilaze moja juu ya nyingine, zitapasuka kwa uzito wake zenyewe.

Mbwa na gramafoni ni His Master's Voice. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni hiyo, na sahani zile zikarudi kuuzwa mwambao mzima. Someni lebo moja moja mniandikie jina la mwimbaji, lugha iliyotajwa na namba. Kama kuna ya Siti, hata yenye mikwaruzo, usimruhusu mtu aichukue kwa "bei ya sanduku". Hapa lile daraja la Goldmine nalilegeza kidogo, kwa sababu mkusanyaji wa 78 anajua huenda hataiona nakala ya pili maishani. Sahani iliyopasuka ukingoni ila bado inalia, ananunua. Kama zipo na za lebo ya Mzuri, ya hapa Mombasa, hizo ni za baadaye na hupatikana zaidi, lakini zina wapenzi wake.

Na msizipige kwenye pleya ya kisasa kwa sindano iliyokuja nayo. Mistari ya 78 ni mipana, sindano ya LP huzama chini ikawa inaokota taka tu. Iko sindano maalumu ya 78, na pleya yenyewe lazima iwe na mwendo huo. Tafuteni fundi azirekodi zote kwanza kwenye kompyuta. Baada ya hapo ndipo mzungumze habari ya kuuza, na mimi ningekuwa mjukuu nisingeuza.

Sasa Shangazi. Nina pleya mpya na 3,000 bob. Nataka kuanza kukusanya, lakini kila mtu mtandaoni anaonyesha LP ya elfu kumi. Naanzia wapi? — Msomaji, Nairobi

Salama kijana, na ungesema shikamoo nisingekasirika.

Elfu tatu ni nyingi ukiwaachia wenzako zile za kuringia. Nenda Kenyatta Market siku ya kazi, asubuhi, wakati muuzaji hana haraka, useme wazi kwamba unataka za kusikiliza. Atakuonyesha yale makasha ya chini ambayo wageni hawainami kuyatazama. Humo utakuta Don Williams, Skeeter Davis, Boney M, ABBA, na Jim Reeves bila shaka. Mambo ya mia tatu, mia tano, na nyingi zina sauti safi maana zilikuwa za sebuleni kwa watu waliovua viatu mlangoni. Chukua mbili tatu za hizo uzoeshe masikio.

Fedha iliyobaki weka kwenye sahani ndogo za benga na rumba ya Kiswahili. Nyingi wimbo wake umekatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili, unageuza magitaa yakiwa ndiyo yanachangamka. Wengi huona ni usumbufu, na usumbufu huo ndio unaoishusha bei yake. Usinunue kwa jalada, nyingi zimepoteza majalada au zimevishwa la jirani. Omba ipigwe. Muuzaji asiye na chombo cha kuipigia, bei yake igawe kwa mbili.

Kuhusu zile za elfu kumi, nyingine zimetolewa upya. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, LP yao ya Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976 na nakala ya asili ni ya kugombaniwa. Kampuni ya Strut ya London iliitoa tena mwaka 2016. Mkusanyaji atakucheka ukinunua hiyo ya pili. Mwache acheke, muziki ni ule ule, na sauti huenda ni safi kuliko ya kwake.

Shangazi, natafuta sahani ya wimbo niliokuwa nikiusikia Radio Tanzania utotoni. Nimeutafuta kila mahali. Niko tayari kulipa chochote. — Msomaji, Morogoro

Usilipe chochote kwanza. Nyimbo nyingi za bendi zenu zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, zikabaki kwenye tepu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, sahani zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Huenda wimbo wako haukuwahi kuwa sahani. Mtu akikwambia anayo, mwambie akutumie picha ya lebo pande zote mbili, na ya maandishi yaliyochorwa kwenye sehemu tupu iliyo kati ya mistari na lebo. Picha ya jalada peke yake usiipokee.