Kwa mwanangu, kuhusu Desemba

Mama,

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Unauliza kama ukija nyumbani Molo Desemba na Januari, wakati wenzako wa mbio za skii huko Finland wanateleza juu ya theluji kila siku, utarudi ukiwa umepoteza kasi. Hilo kocha wako analijua kuliko mimi. Mimi ninachojua ni kwamba kazi haipotei. Kogo, nyanya yako, alisema hivyo kila alipotua mtungi, nami nimekuambia tangu ukiwa darasa la tatu.

Kwa zile skii za magurudumu, vile vibao unavyovaa miguuni kuteleza kwenye lami huku ukijisukuma kwa fimbo mbili, mapafu yanafanya kazi ileile na mikono ileile. Tena kwetu ni juu, karibu mita 2,500. Hata kupanda tu hadi sokoni kifua kinajua. Lakini nakumbuka ulivyonionyesha mwenyewe, ukilizungusha gurudumu kwa kidole: linakwenda mbele, nyuma linagoma. Ukasema ndiyo maana kwenye lami mguu ukikanyaga vibaya bado unashikiliwa, ila kwenye theluji unateleza kurudi nyuma. Basi huenda miezi miwili ya lami itauzoesha mguu uvivu. Unaona, nimeshaanza kujipinga.

Kusema kweli, swali lako limenirudisha Julai ya mwaka juzi.

Siku ya kwanza ulipita sokoni, ncha za fimbo zikigonga lami, ka, ka, ka, na watoto wakakufuata hadi kwenye daraja. Jioni mtu akaniuliza mbele ya wazee wa kanisa kama binti yangu alivunjika mguu huko ng'ambo, mbona anatembelea mikongojo. Wakacheka. Nikaja nyumbani nikakuambia ufanye mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaamka. Nilisema ni kwa sababu ya malori. Hayakuwa malori, mama.

Hukubisha. Siku ya nne ukarudi goti limechunika, changarawe zimo ndani ya nyama. Giza na ukungu vilikuficha shimo, na vitu vile havina breki. Mama yako akakuosha kwa maji ya chumvi. Ukasema, "Nimeteleza tu, baba," ukaomba chai. Ile fimbo iliyopinda bado iko nyuma ya mlango wa stoo. Sijaweza kuitupa.

Na ni mimi niliyekusimulia habari za Philip Boit! Mkimbiaji wa huku kwetu, akaiona theluji kwa mara ya kwanza Finland mwaka 1996, na Februari 1998 akasimama Nagano, Japani, kwenye Olimpiki, mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja pale mwisho wa mbio, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ulikuwa unaniomba niirudie hadithi hiyo kila umeme ukipotea. Mtu wa Norway alimngoja mtoto wa wenyewe kwenye baridi, dunia nzima ikitazama. Mimi wangu nikamficha gizani.

Sasa, uje au usije? Ningeachiwa mimi ningesema njoo, kata tiketi leo. Lakini hilo ni neno la baba aliyekukosa Krismasi mbili, si la mtu anayejua mbio. Tena ukija ukapoteza msimu, nitakutazama vipi? Muulize kocha. Mimi nasimama pale pale, kazi haipotei, na zaidi ya hapo naufunga mdomo ingawa unaniwasha.

Akikubali, niambie tarehe mapema niitengeneze taa ya pikipiki. Nitakuwa nyuma yako ili malori yapunguze mwendo. Tutatoka saa nne asubuhi, siku ya soko.

Baba yako