Jeraha limepona lakini kidole hakikunji: niende kwa daktari gani?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Yapata wiki mbili zilizopita glasi ilinipasukia mkononi nikiosha vyombo, ikanikata kiganjani chini kidogo ya kidole cha shahada. Nilisafishwa na kushonwa siku ileile, nyuzi zimeshatolewa na jeraha limefunga vizuri. Tatizo ni kwamba ncha ya kidole haikunji hata kidogo, na upande unaotazama gumba una ganzi. Sindano ikinichoma pale sisikii. Nimeambiwa nisubiri, kitalegea chenyewe. Kaka yangu anasema nimwone daktari wa mifupa, jirani anasema wa mishipa ya fahamu, mwingine anasema wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Niende kwa nani, na nitajuaje kwamba anaiweza kazi hii?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Miaka mingi ya kazi yangu nimewafanyisha mazoezi watu waliopasuliwa mikono, na barua yako imenitia wasiwasi kwa sababu dalili ulizozitaja ni za kano iliyokatika, yaani ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, pamoja na neva, yaani mshipa wa fahamu. Kidole kilichokakamaa hulegea. Kano iliyokatika haijiungi yenyewe.

Jipime mara moja tu, taratibu. Laza mkono chali mezani, shika pingili ya katikati isisogee, kisha jaribu kukunja ncha. Ncha ikitikisika japo kidogo, huenda kano imekatika nusu, kwa hiyo usiilazimishe. Isipotikisika kabisa, huenda imekatika yote. Kila kidole, isipokuwa gumba, kina kano mbili za kukikunja: moja huishia pingili ya katikati, nyingine huendelea mpaka ncha. Kwa hiyo mtu anaweza kukukagua, akaona kidole kinakunja katikati, akaridhika.

Siku zina maana hapa. Kano ikikatika, msuli huuvuta mwisho wake kuelekea upande wa kiwiko, na njia ilimokuwa ikipita huanza kujaa kovu. Wiki mbili za mwanzo mara nyingi ncha mbili za kano bado hufikiana zikashonwa moja kwa moja. Ukichelewa sana, huenda ukahitaji kano ya kupandikizwa, pengine kwa upasuaji wa awamu mbili. Neva nayo ikishonwa hukua kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo tegemea miezi kadhaa kabla ya hisia kufika nchani.

Sasa, nani wa kumwona? Kaka yako na huyo mwingine wote wana hoja. Wapasuaji wa mkono wengi hutoka kwenye mifupa au kwenye upasuaji wa kurekebisha maumbile, kisha husomea mkono zaidi. Jirani yako hajakosea kuhusu neva, ila wapasuaji wengi wa neva kazi yao kubwa ni ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo usiishie kwenye cheo kilichoandikwa mlangoni. Uliza hospitali ya rufaa au ya chuo kikuu kama ina kliniki ya mkono. Nchi nyingi zina chama cha wapasuaji wa mkono, nawe unaweza kukiomba majina. Kile cha Marekani kilianzishwa mwaka 1946, baada ya vita kuwaachia madaktari maelfu ya mikono iliyoharibika. Kisha hakikisha kwa baraza la madaktari kwamba aliyetajwa amesajiliwa kama bingwa.

Lakini mimi ningeanza kwa wataalamu wa mazoezi ya mkono. Wao ndio huiona kazi ya kila mpasuaji wiki baada ya wiki, nyuzi zikishatoka. Waulize bila haya: ungekuwa mkono wako, ungempa nani?

Ukimpata, muulize hushona kano za kukunja vidole mara ngapi kwa mwaka, hasa mahali kano zote mbili zinapopita ndani ya mfereji mmoja mwembamba. Mfereji huo huanzia karibu na pale ulipokatwa, na ndipo pagumu kuliko pote. Uliza pia mazoezi yataanza lini na nani atayasimamia. Kwa mtu mzima, jibu la kutia moyo ni siku chache baada ya upasuaji, mkono ukiwa ndani ya banzi la kuukinga, na kazi nzito isubiri kama wiki 12. Akisema atakufunga plasta wiki 6 ndipo muone, muombe akueleze kwa nini. Kovu hugandisha kano isiyosogezwa. Na mwambie kazi yako. Upande ulio na ganzi ndio unaobana kitambaa dhidi ya gumba, nawe unauhitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa sasa usikubali mtu akichue wala kukinyoosha kidole hicho. Angalia pasi, maana utaungua bila kusikia. Vidole vingine endelea kuvikunja na kuvikunjua kila siku.

Ukipiga simu kuomba nafasi, usiseme tu kwamba kidole kinauma, utapangiwa miezi ijayo. Sema hivi: nimekatwa na glasi tarehe fulani, ncha ya kidole haikunji, upande mmoja una ganzi, nahofia kano na neva vimekatika. Yaandikwe hivyohivyo kwenye barua ya rufaa, tarehe ya ajali ikiwa juu kabisa. Piga leo.