Fani ya taa za barabarani haifi: jibu la mtu aliyeanza nayo Dodoma mwaka 1994

Mdogo wangu, umesema umemaliza uhandisi wa umeme mwaka jana, umepata nafasi kwenye kampuni ya taa za barabarani hapa Dodoma, na wenzako wanakukatisha tamaa. Wanakwambia LED hazifi na sola haihitaji fundi, kwa hiyo utakaa bila kazi. Ukaomba ushauri wa mtu aliyemo. Mimi nimo tangu 1994. Nilianza kama fundi sanifu, nikarudi shule, nikasajiliwa kuwa mhandisi, na mpaka leo napanda gari la kikapu. Nakwambia nenda. Hao wenzako wanatazama kichwa cha nguzo, wakati sehemu kubwa ya kazi yetu iko kwenye kitako chake.

Nilipoanza, uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikuwa na zaidi ya miaka 20, tangu 1973, lakini ukitoka Jamatini usiku kuelekea Area C ulibeba tochi. Taa nyingi nilizozikuta zilikuwa za zebaki, zenye ule mwanga wa kibuluu unaomfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Balbu ya wati 250 ilitoa kama lumeni 13,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) ikiwa mpya. Ubaya wake ni kwamba haikuungua ukajua imekufa. Ilififia mwaka hadi mwaka, mpaka unakuwa na mtaa ambao taa zote zinawaka na bado mtu anaingia mtaroni.

Zikaja za sodiamu, zile za njano. Wati 250 hizohizo zikatupa lumeni 27,000 hivi. Nilizipenda sana taa zile na sioni haya kusema hivyo. Ukisimama chini yake jioni unaona kazi ikifanyika: ignaita, kile kifaa cha kuwashia, inapiga msukumo wa volti elfu kadhaa, balbu inaanza na weupe uliopauka, inaingia njano kali, na baada ya dakika chache inatulia kwenye rangi ya dhahabu. Shida yake ni kwamba umeme ukikatika hata kwa sekunde mbili, balbu ya moto haiwaki tena mpaka ipoe, barabara nzima inabaki giza huku nyumba za jirani zinawaka. Miaka ya ukame, hasa 2006 na 2011, maji ya bwawa la umeme la Mtera yaliposhuka na mgao wa umeme ukaingia, tulibadilisha balbu kama watu wanaovuna karanga. Kila kuwashwa kunakula uhai wa balbu.

Tatizo jingine la sodiamu nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza chipsi na mishikaki karibu na stendi. Alinionyesha noti mbili chini ya taa yangu niliyokuwa nimeifunga kwa fahari, akaniuliza ipi ni elfu moja na ipi ni elfu tano. Sikuweza kusema mpaka nilipozisogeza karibu na jiko lake nikasoma tarakimu. Buluu na zambarau zote zilikuwa kijivu. Sodiamu inaonyesha rangi vibaya sana, kwenye kipimo cha 100 inapata kama 25. Nilikuwa nimesoma hilo chuoni na kulijibu kwenye mtihani, lakini sikuwahi kufikiri lina maana gani kwa mtu anayerudisha chenji saa tatu usiku.

Kisha mji ukabadilika ghafla. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia, 2018 tukawa Jiji, mji wa Serikali wa Mtumba ukaanza kujengwa, na kila barabara mpya ya lami ikawa inakuja na nguzo zake. LED zikaingia kwa mkupuo. Sasa naomba usome hapa kwa makini, ndipo hasa lilipo jibu la swali lako.

Kipindi hicho nilisimamia kubadilisha taa 40 za sodiamu kuwa LED kwenye barabara moja ya mjini. Taa zilikuwa mpya, nguzo na kebo za zamani. Nilikagua kebo kwa namna tuliyozoea: zinawasha, basi ni nzima. Nikasaini. Oktoba na Novemba watu walitupongeza mitaani. Desemba mvua za kwanza zilipopiga, taa zikaanza kufa, mbili leo, tatu kesho, na kufikia Februari 17 zilikuwa giza. Muuzaji akalaumu umeme, mwenye mradi akanilaumu mimi, na mimi nikalaumu taa.

Niliishusha moja nikaiweka kwenye meza ya karakana. Ukifungua draiva ya LED, kile kifaa kinacholisha taa umeme inaoutaka, unakuta kidude cha duara, cha buluu, kama pipi bapa. Hiyo ndiyo varista, kazi yake ni kumeza umeme unaopanda ghafla. Yangu ilikuwa imepasuka katikati, masizi yamesambaa kwenye bodi, na ile harufu ya plastiki iliyoungua bado imo. Nikafungua ya pili, ya tatu, zote hivyohivyo. Radi ingeua kadhaa kwa usiku mmoja, haiui moja moja kwa miezi mitatu. Nikarudi barabarani.

Kwenye nguzo ya saba niliondoa kifuniko cha kitako. Sisimizi walikuwa wamehamia humo, udongo mwekundu umepanda mpaka kwenye fyuzi. Kiungo cha nyutro, waya wa kurudisha umeme, kilikuwa kimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu miaka mingi nyuma. Nilipoigusa, tepu ilibanduka kama ganda la kitunguu, na shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani. Nikaweka mita. Fezi moja, yaani waya mmoja wa kuleta umeme, ilisoma volti 171, nyingine 296.

Wewe umesoma, unajua maana yake. Nguzo hugawanywa kwenye fezi tatu, na nyutro ikilegea, volti zinayumba: fezi moja inanyimwa, nyingine inazidishiwa, na nyutro ikikatika kabisa inaweza kusogelea volti 400. Draiva zangu mwisho wake ulikuwa volti 264. Mvua ilipolowanisha udongo na kutu ikala kiungo, zikafa.

Kilichoniuma ni hiki. Kiungo kile hakikuharibika mwaka ule. Kilikuwa kibovu enzi zote za sodiamu. Ila choki, kile kifaa kinachotuliza umeme kwenye taa ya sodiamu, ni waya uliozungushwa kwenye vyuma. Ukiipa volti 290 inanguruma, inapata moto, inaua balbu kabla ya wakati, lakini haifi usiku huohuo. Nilipofunua madaftari ya matengenezo, nguzo za eneo lile zilikuwa zikila balbu mara mbili ya nyingine, na kwa miaka yote tuliandika "balbu mbovu". Choki zilikuwa zikituvumilia. LED hazikuvumilia.

Tulirudia viungo vyote 40 kwa vifungio vya kubana kwa mashine, tukafunga athi (waya wa kwenda ardhini) kila nguzo, tukaweka kinga za umeme unaopanda ghafla, za kilovolti 10, na draiva mpya tukachagua zinazostahimili volti 305. Barabara ile mpaka leo inawaka. Ndiyo maana anayesema LED haihitaji mhandisi namwona hajawahi kushusha moja. Zamani kosa la fundi lilionekana baada ya miaka, siku hizi linaonekana mvua ya kwanza.

Kuhusu sola, nayo isikutishe. Jipe hesabu hii kabla hujaamini karatasi ya muuzaji. Taa ya wati 40, usiku wa Dodoma ni saa 12 karibu mwaka mzima, hiyo ni watisaa 480. Ongeza upotevu, fanya 600. Jua letu ni zuri, hesabu saa tano za jua kamili kwa siku, kwa hiyo unahitaji paneli ya wati 120 kwa uchache. Betri iweze kubeba usiku mbili za mawingu, yaani lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100. Sasa nenda dukani uangalie zile taa za kipande kimoja zilizoandikwa "wati 300", paneli yake ukiishika ina ukubwa wa daftari. Itawaka vizuri mpaka saa nne usiku. Halafu kuna vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hatuna mvua, upepo unavuma, na paneli iliyolazwa bapa inapakwa rangi ya udongo. Iinamishe nyuzi 15 kuelekea kaskazini, na weka kwenye mkataba nani ataifuta na mara ngapi. Miradi mingi niliyoiona ikifa, hicho kipengele hakikuwemo. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, kinaisha, mkandarasi anaondoka, na nguzo zinabaki za kufungia mbuzi.

Jambo moja la rangi, kwa sababu utaulizwa. LED nyeupe ni LED ya buluu iliyopakwa juu unga wa fosfa, unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano, ule ugunduzi wa buluu uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia 2014. Ukipaka kidogo unapata mwanga mkali wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unakuwa wa kibuluu zaidi), wa bei nafuu na wenye lumeni nyingi kwenye karatasi. Wazee wanalalamika unachoma macho, na wana haki, jicho la mzee linasumbuliwa zaidi na mwanga mkali. Mitaa ya makazi kama Kisasa na Ilazo mimi napendekeza 3000, barabara kubwa 4000. Yule mama wa chipsi sasa anauza chini ya 4000 na noti zake anazijua kwa mbali.

Kazi ipo. Barabara ya mzunguko wa nje peke yake ni kilomita 112.3, na mji unasogea kila upande, Nzuguni, Nala, Ihumwa. Usichelewe kujiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iombe mapema, maana zabuni nyingi zinaidai. Nunua mita yako mwenyewe, nzuri, ya kubana waya, na kipima luksi, cha kupima mwanga unaofika chini. Siku ya kwanza kazini omba funguo za milango ya nguzo kabla ya ngazi.

Mimi na vijana wangu wawili huwa tunazunguka Ijumaa usiku kuanzia saa mbili, tunapima nyutro nguzo kwa nguzo. Ukitaka kuja kuona kabla ya kusaini mkataba, nitumie ujumbe wa faragha hapa. Vaa viatu vya soli ya mpira na uje na tochi ya kichwani.