Mbona Malawi wanapiga kura kwa kanda, na Urambo hatupigi hivyo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huku Urambo. Tulipelekwa Lilongwe kuangalia minada yao. Jioni tukipiga soga na wenyeji, nikaona kila mmoja anajua kura ya mwenzake kwa kusikia tu anatoka wapi. Wa kati chama chake hiki, wa kusini kile, wa kaskazini anasubiri aone nani kaungana na nani. Sisi hapa tuna Wanyamwezi, Wasukuma, Waha na wengine wengi, na wote tunalima zao lile lile wanalolima wao. Mbona hatuko hivyo? Wenzangu wanasema Wamalawi wana ukabila, basi. Je, ni ukabila, dini au uchumi? Na mtu anapimaje, asiwe anabahatisha?

Jibu: Marahaba, katibu. Wenzako wameona moshi, wakasema moshi umesababishwa na moshi. Ukiuliza kwa nini watu wanapiga kura kwa makabila ukajibiwa "ukabila", umerudishiwa swali lako.

Nianze na kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii, na bahati nzuri kimefanyika huko huko ulikokwenda. Wachewa na Watumbuka wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Mpaka ulichorwa na Waingereza bila kumuuliza mtu, ukapita katikati ya ndugu. Mtafiti Daniel Posner alikwenda kwenye vijiji vya jirani na mpaka, huku na huku, akawauliza watu maswali ya kawaida kabisa: ungekubali kuoa au kuolewa kwa wale? Ungempigia kura mgombea wa kabila lile? Matokeo aliyachapisha mwaka 2004. Upande wa Malawi walionyeshana mgongo. Upande wa Zambia, watu wa lugha ile ile na mila zile zile, waliwaona wenzao kama watani na washirika.

Kama utamaduni ndio unaotenganisha, majibu yangefanana pande zote mbili. Posner alieleza tofauti hiyo kwa hesabu ya vichwa. Zambia ni kubwa na makundi hayo mawili ni madogo, kwa hiyo mwanasiasa hapati kitu kwa kuwachonganisha. Wote wanaingia kapu moja la "watu wa Mashariki". Malawi kila kundi lina ukubwa wa kutosha kumbeba mtu hadi Bungeni na karibu na Ikulu. Hapo tofauti ya ngoma na mahari inageuka mtaji.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Malawi ina kanda tatu, na kila kanda iliingia katika karne iliyopita kwa mlango wake. Kaskazini walikuja wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, wakajenga shule mapema. Mazao ya biashara yalikuwa haba, kwa hiyo kaskazini ikazalisha makarani, walimu na vijana wa kwenda migodini Afrika Kusini, wale wa Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodi. Kusini, kwenye nyanda za juu za Shire, walowezi walichukua ardhi wakapanda chai Thyolo na Mulanje. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba hilo alilipa pango kwa jasho lake, mfumo ulioitwa thangata, na hasira yake ilichangia uasi wa John Chilembwe mwaka 1915. Kanda ya kati, kule Kasungu na Lilongwe, ikaja kuwa nchi ya tumbaku, na ndiko alikotoka Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi.

Banda aliposhika nchi alizilaza tofauti hizo moja juu ya nyingine. Mwaka 1968 Kichewa kikafanywa lugha ya taifa na Kitumbuka kikaondolewa redioni na shuleni. Mwaka 1975 makao makuu yakahama Zomba, kusini, kwenda Lilongwe, kati. Mwaka 1989 walimu wenye asili ya kaskazini waliamriwa wakafundishe kwao. Fikiria mwalimu aliyejenga nyumba Blantyre, watoto wanasoma pale, anaambiwa arudi "kwao". Siku hiyo lugha yake, kazi yake na kanda yake vilikuwa kitu kimoja.

Na wewe mtu wa tumbaku utalielewa hili haraka: kwa miaka mingi tumbaku ya hewa aina ya Burley iliruhusiwa kulimwa na mashamba makubwa yenye leseni tu. Mkulima mdogo alikuja kufunguliwa mlango miaka ya 1990. Kabla ya hapo aliuza mazao yake kwa ADMARC, shirika la serikali la kununua mazao, kwa bei ya chini, na faida ikaenda kuwakopesha wenye mashamba. Kwa hiyo mkulima mdogo wa kati, wa kanda ya rais, naye alikuwa akikamuliwa. Jiulize mbona hakuungana na yule wa kusini aliyekamuliwa vile vile. Aliambiwa, na aliona kwa macho yake barabara na majengo ya Lilongwe, kwamba serikali ni ya kwao.

Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1994 ukaja kama picha iliyokuwa imeshasafishwa. Bakili Muluzi alipata takriban asilimia 47, akibebwa na kusini. Banda 33, kati. Chakufwa Chihana 19, na chama chake cha AFORD kikazoa viti vyote 33 vya kaskazini.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo hoja ya ukabila na ya dini zinapovuja. Muluzi ni Myao na ni Mwislamu, katika nchi yenye Wakristo wengi. Kusini kuna Walomwe na Wamang'anja, wengi wao Wakristo, na wengi walimpa kura. Kaskazini nako hakuna kabila moja: kuna Watumbuka, Watonga, Wangonde, Wangoni. Yaani kilichopiga kura mwaka ule ni kanda, kitu kilichochorwa na serikali kwenye ramani, kikajazwa maana na shule, mashamba na maamuzi ya Zomba na baadaye Lilongwe.

Ndiyo maana wataalamu, tukitazama mistari inayogawa watu (kabila, dini, kazi, kanda), tunatofautisha mistari inayolaliana, yaani yote inagawa watu wale wale, na mistari inayokatana, yaani kila mmoja unagawa kivyake. Mkeka (wa ukindu, katibu, si ule wa kubeti) unashika kwa sababu mishono inapishana. Ukipanga ukindu wote upande mmoja, upepo mdogo unautawanya.

Njoo nyumbani. Tabora mistari inakatana, na sababu yake si upole wetu tu tunaopenda kujisifia. Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wa misafara kabla ya reli. Walikwenda pwani, wakarudi na Kiswahili, na utani wao na Wazaramo unahusishwa na njia hiyo. Mjini Uislamu ulikuja na misafara, na Kipalapala wakakaa mapadri, lakini nenda Isevya au Ng'ambo utakuta ukoo mmoja una Idd na Krismasi. Urambo penyewe ni pa wahamiaji: mradi wa karanga wa Waingereza uliopaanzisha miaka ya 1940 ukafa baada ya miaka michache, tumbaku ikachukua nafasi, na watu wakaja kutoka kila upande. Ulyankulu wamefika wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, wengi wao sasa ni raia. Ugomvi wenu wa kila mwaka, madaraja ya ubora wa tumbaku na bei, unawaweka Mnyamwezi na Muha kwenye benchi moja wakimtazama mnunuzi.

Kuna jaribio moja ambalo historia ilitufanyia bure. Abdallah Fundikira alikuwa mtemi wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi huku Tabora, na alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika. Vyama vingi vilipokaribia kurudi akaanzisha chama cha UMD. Jina kubwa, kiti cha enzi, kabila kubwa nyuma yake. Mwaka 1995 UMD haikupata hata kiti kimoja cha ubunge. Utemi ulikuwa umefutwa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Wanyamwezi hawakuwa na jambo lao peke yao ambalo ni yeye tu angewatetea.

Utaniambia: na Kigoma je? Swali zuri, maana Kigoma ndiyo inafanana zaidi na kaskazini ya Malawi. Reli ilifika mwaka 1914, lakini wakoloni waliitumia zaidi kuchukua watu: Waha walipelekwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Malalamiko ya kuachwa nyuma ni ya kweli, na yameonekana kwenye kura. Mwaka 1995 Kigoma Mjini walimchagua Walid Kabourou wa CHADEMA. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne, yote ya Kigoma. Mwaka 2015 kiti pekee cha jimbo cha ACT-Wazalendo kilitoka Kigoma Mjini. Lakini ona: chama kinabadilika kila baada ya muda. Hiyo naiita hasira inayotafuta wakala. Kaskazini ya Malawi mwaka 1994 ilikuwa na chama chake yenyewe.

Upimaji sasa. Usianze na jumla ya taifa. Inaficha kila kitu. Chukua matokeo ya wilaya au jimbo, uone kura za chama kimoja zinatofautiana kiasi gani kati ya mahali na mahali. Kisha linganisha chaguzi mbili au tatu. Mwaka 2009 Bingu wa Mutharika, mtu wa Thyolo, alishinda kwa asilimia 66; kaskazini walimpa kwa wingi na hata kati alichota nyingi. Miaka minne nyuma alikuwa ameanzisha ruzuku ya mbolea na mbegu, na mavuno yakawa mazuri. Mfuko wa mbolea hauulizi kanda. Kwa hiyo anayekuambia Mmalawi amezaliwa na kura yake, muulize kuhusu 2009.

Tazama pia kanuni ya ushindi. Zamani Malawi rais alishinda hata kwa theluthi ya kura, na kanda moja iliweza kutosha. Mahakama ilipobatilisha uchaguzi wa 2019 ikataka mshindi avuke nusu, na kwenye marudio ya Juni 2020 Lazarus Chakwera, mtu wa kati, alilazimika kuunganisha vyama tisa, akapata karibu asilimia 59. Septemba 2025 Peter Mutharika, mdogo wake Bingu, alirudi kwa zaidi ya asilimia 56. Nusu ya nchi haipatikani kati peke yake wala kusini peke yake. Ndiyo maana rafiki zako wa kaskazini "wanasubiri waone nani kaungana na nani": hesabu imewafanya kuwa na thamani.

Onyo moja la kitaalamu. Matokeo ya wilaya hayakuambii mtu mmoja mmoja kapiga vipi. Wilaya yenye Wachewa wengi ikimpa mtu asilimia 70, huwezi kusema asilimia 70 ya Wachewa walimchagua. Huenda waliomkataa ndio hao hao. Kwa hilo unahitaji mahojiano ya sampuli. Afrobarometer, watafiti wa maoni ya wananchi Afrika, wanayafanya Malawi na Tanzania, takwimu zao ni bure mtandaoni, na wanauliza hata kama mtu anajiona wa taifa au wa kabila kwanza.

Na wale mliokaa nao jioni Lilongwe, kama bado una namba zao, waulize swali moja tu: mwaka 2009 mlimpa nani? Ukipata majibu niandikie.