Kwa wauguzi wapya wa afya ya akili Kigoma: msimwache mgonjwa baada ya sindano

Mnaotoka chuoni mnazijua dozi. Kinachoharibu matibabu huku ni yale yanayotokea sindano ikishachomwa, muuguzi akiwa ameshageukia mgonjwa mwingine.

Mgonjwa akiletwa na ndugu amefungwa kamba, mkiwa watu wa kutosha mfungueni, muangalie vidole kama vimevimba au kupoa. Pimeni joto, sukari na malaria kabla ya kumwita mgonjwa wa akili. Malaria kali au sukari iliyoshuka humfanya mtu aropoke na kupigana vilevile, hasa kama hali imeanza ghafla na hana historia nayo.

Akishapewa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, siku 5 za kwanza ndizo za kumchunga, na vijana wa kiume zaidi. Shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Ndugu wakiona hivyo wanasema mapepo, na usiku huohuo wanamtorosha kwenda kwa mganga. Waambieni mapema kwamba dawa inaweza kukaza misuli na kwamba inatibika. Ikitokea, mwiteni daktari. Kwa kawaida promethazini 25 hadi 50 mg kwenye msuli huilegeza. Lakini homa ikija pamoja na mwili kukakamaa, msitoe dozi inayofuata, na daktari aje saa hiyohiyo.

Linalopita bila kuonekana ni kutotulia kunakoletwa na dawa hiyohiyo. Mgonjwa anakaa, anainuka, anazunguka kitanda, anahamisha uzito mguu huu na huu. Wodi inaandika "bado ana fujo", dozi inaongezwa, naye anazidi. Muulizeni: "Ni mawazo yanakusumbua, au miguu ndiyo inakataa kutulia?" Akitaja miguu, andikeni maneno yake kwenye faili kama alivyoyasema.

Sindano ya mwezi, flufenazini dekanoati, ni ya mafuta. Tumieni sindano na bomba vikavu kabisa, maana tone la maji huifanya iwe na ukungu. Ya kwanza huwa ya majaribio, 12.5 mg, yaani nusu mililita ya ile ya 25 mg kwa mililita. Ichomwe ndani ya msuli wa tako, na msipasugue.

Siku ya kumruhusu, muulizeni anafanya kazi gani. Mvuvi wa dagaa yuko ziwani usiku kucha. Ukimwandikia kidonge cha kusinziza "usiku", ama hatameza, ama atasinzia mtumbwini. Kubalianeni saa na daktari, na wiki za mwanzo abaki nchi kavu. Mwenye kifafa asiingie majini kabisa mpaka daktari aridhike. Tarehe ya sindano ya mwezi iangukie siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika. Anayetoka vijiji vya kusini mwa ziwa huja kwa boti, kwa hiyo muulizeni boti yake husafiri siku gani kabla ya kuandika tarehe kwenye kadi.